Jina la Kujaribia

Bengaluru, 3 Septemba

Kaka yangu Admassu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua na jasho. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mama hajambo? Na miguu yake? Jumapili tulipozungumza alicheka sana, halafu simu ikakatika. Nikajua ama salio limekwisha ama kaunguza mchuzi wake wa shiro. Nisalimie jirani yetu Etete Zenebech. Mwambie ile pilipili ya berbere aliyonifungia imebaki kijiko kimoja, na sasa sipikii tena, nainusa tu.

Mwaka huu wa mwisho wa usanifu wametuingiza kwenye kutengeneza tovuti. Mtu aliyezoea kuchora kwa mkono anaketishwa mbele ya kompyuta aandike amri, na akisahau alama moja ukurasa mzima unalala chini kama hema lililong'olewa vigingi. Nusu ya somo ni kutengeneza, nusu ni kukosoa. Mwalimu wetu, Bi Shobha, anatupa tovuti za watu tuzichambue. Wiki hii nilipewa ya kampuni moja ya mabasi. Kitufe cha kukata tiketi wamekificha chini kabisa, na juu wameweka picha kubwa ya mkurugenzi anatabasamu. Nimeandika kurasa nne za matusi ya kistaarabu. Bi Shobha kasema, "Fikirte, una ulimi wa pilipili, lakini haki unayo."

Sasa neno lenyewe. Kila mwanafunzi lazima atengeneze tovuti kwa ajili ya watu halisi, kisha aipime mikononi mwa watu hao hao. Hiyo ndiyo alama ya mwisho. Nikianguka hapo, shahada hakuna. Wenzangu wamechagua maduka na hoteli. Mimi nimefikiria chama chetu cha kuzikana. Mzee Yimam hawezi tena kupanda vilima vya Dessie alfajiri na tarumbeta lake kutangaza misiba. Mtu akifiwa, jina la marehemu liingizwe kwenye tovuti, na simu za wanachama wote zilie: nani kafariki, hema lipigwe wapi, akina mama walete nini. Wewe ndiye katibu. Nisemee kwa wazee.

Wako, Fikirte


Dessie, 28 Septemba

Mdogo wangu Fikirte,

Barua yako imefika, nasi tunashukuru. Huku baridi imeanza kuuma, mikaratusi ya bondeni inavuma usiku kucha. Shule imefunguliwa, nimepewa darasa la nane, watoto wakorofi kama wewe ulivyokuwa. Etete Zenebech anakusalimu na anasema berbere ya kunusa ndiyo tamu zaidi, maana haiishi.

Nimepeleka neno lako mkutanoni, pakawaka moto. Mzee Yimam alisimama na tarumbeta lake kwapani: "Nimelipuliza hili tangu baba zenu hawajaota ndevu. Leo mnataka kunizika kwa simu?" Mwenyekiti akamjibu, "Tulia Yimam, wewe utazikwa kwa tarumbeta. Sisi tuliobaki ndio tutazikwa kwa simu." Watu wakacheka mpaka wakasahau kupinga, na jambo likapita. Endelea na kazi.

Mama nilimsomea barua yako. Anasema: "Mwambie kama anatengeneza kitu cha msiba, herufi ziwe kubwa. Mtu aliyefiwa hana macho ya kusoma vidogovidogo." Anakohoa kidogo siku hizi, ni huu upepo tu. Usijali.

Kaka yako, Admassu


Bengaluru, 21 Oktoba

Kaka Admassu,

Hamjambo nyote? Mimi niko salama, ila macho yamekuwa mekundu kwa kompyuta.

Mwambie mama amemshinda Bi Shobha. Nilikuwa nimepaka ukurasa wote rangi nyeusi, herufi nyembamba za kijivu, nikajiona msanii. Darasa likasifu. Halafu nikakumbuka neno lake, nikafuta yote. Sasa herufi ni kubwa, weusi juu ya weupe, na kitufe ni kimoja tu mtu anapofungua: Tangaza msiba. Mwenzangu mmoja kauliza, "Mbona imekuwa kama kibao cha barabarani?" Nikamwambia ndiyo, ni kwa watu waliopotea.

Lakini kaka, hiki kikohozi ni cha namna gani? Jumapili mama alisema maneno matatu akakupa simu. Mama yangu na maneno matatu, wapi na wapi! Nasikiliza kikohozi kile mpaka sasa.

Nakuuliza jambo, na unijibu kama mtu mzima kwa mtu mzima. Wafadhili wananilipia nauli ya kuja nyumbani na kurudi mara moja tu katika mwaka huu. Naweza kuitumia likizo ya Desemba, au niiweke nije Juni nikimaliza kabisa. Nikija Desemba nitachelewesha kazi ya tovuti, labda nianguke, lakini nitakuja. Wewe uko hapo, unamwona kwa macho. Sema neno moja tu, "njoo," nami nitakuja bila kuuliza sababu.

Fikirte


Dessie, 20 Novemba

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kukawia, umeme ulikuwa unakatika na mtandao nao una maringo yake. Sisi wazima. Mwenyekiti kaoza binti, tulikula na kucheza.

Kuhusu Desemba: usije. Subira huvuta heri. Mama mwenyewe anasema umalize kwanza kilichokupeleka, hataki kukuona umekaa nyumbani bila shahada. Kikohozi kimemdhoofisha kidogo, kwa hiyo tunampeleka kwenye maji ya baraka kule monasteri ya mlimani, wagonjwa wanapokaa mpaka wapone. Unajua taratibu za watawa, simu haziruhusiwi. Jumapili zikipita kimya usifadhaike.

Soma. Kula. Vaa kitu shingoni hata kama huko kuna joto.

Admassu


Bengaluru, 15 Januari

Kaka Admassu,

Heri ya Krismasi iliyopita. Natumaini mlikula mchuzi wa kuku, doro wat, mkanikumbuka. Mimi nilikula wali na mchuzi wa dengu na wasichana wa bweni, wakaniimbia wimbo usiohusika.

Nimekuandikia mara mbili mwezi Desemba, hukujibu. Krismasi nzima sijasikia sauti ya mama. Nilipopiga simu yako ulisema uko darasani, na shule zimefungwa. Maji gani hayo ya baraka yasiyokuwa na mwisho? Hata wagonjwa wa kuchukuliwa na machela hushuka mlimani siku ya sikukuu. Nimekasirika, na nataka ujue.

Nimejibana nisije kwa sababu yako, basi angalau nisaidie nimalize. Tovuti imekamilika, sasa lazima ipimwe. Chukua wazee watatu wa chama, mmoja mmoja, uwape simu yenye ukurasa wangu na uache kinasa sauti kikiwa kimewashwa. Kazi yao ni moja: wajifanye kuna msiba, wautangaze. Waandike jina lolote la kujaribia, simu za wanachama nimezizima kwa sasa, hazitalia. Na hii ndiyo kanuni ambayo Bi Shobha anatuapisha: mtu aseme kwa sauti kila kinachomjia kichwani tangu anapoanza mpaka anapomaliza. Kila kitu. Akishangaa, aseme. Akikasirika, aseme. Wewe usisimame karibu, usimsaidie, usimkatize, wala usisikilize kwanza ukachagua cha kunitumia. Mtu akijua anasikilizwa na katibu wake, anapamba maneno.

Mama akishuka mlimani, nataka yeye awe wa kwanza kunipigia.

Fikirte


Dessie, 19 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Baridi imepungua. Paa la jikoni lilivuja, nimelirekebisha. Jumapili hizi nakula kwa Etete Zenebech, anapika vizuri kuliko mimi.

Usinikasirikie. Mama bado yuko kule mlimani, padri anasema abaki mpaka Pasaka. Anaendelea vyema. Anakusalimu sana.

Kazi yako nimeifanya kama ulivyoagiza. Mwenyekiti alibonyeza kila mahali isipokuwa panapotakiwa, halafu akasema simu ni mbovu. Mzee Yimam alikuwa wa kwanza kumaliza, na sasa anatembea mtaani akijigamba kwamba ameigundua yeye. Etete Zenebech alikaa peke yake jikoni kwake na simu. Mimi nilikuwa shuleni, alimpa mwanawe akutumie mwenyewe. Sikusikiliza hata moja, umeona nilivyo mtiifu?

Admassu


Bengaluru, 1 Machi

Kaka yangu Admassu,

Habari za nyumbani? Mimi salama.

Sauti zimefika zote tatu, nakushukuru kwa kazi uliyofanya. Nimefurahi kusikia mama anaendelea vyema. Nakuomba kitu kidogo. Ukienda kumwona kule mlimani, msomee hii barua, umwambie nimeota tumekaa mlangoni tunachambua mchele. Umuulize ile shali yake nyeupe yenye pindo la kijani ameiweka wapi, maana nataka kuchora pindo lile. Kisha niandikie alichojibu. Usifupishe. Nataka maneno yake hasa, kama alivyoyasema, hata kama amenitukana.

Mdogo wako, Fikirte


Dessie, 27 Machi

Mdogo wangu,

Tumshukuru Mungu kwa uzima. Mfungo unatutesa lakini tunakwenda nao.

Nilipanda kwa mama juma lililopita, nikamsomea barua. Alicheka. Akasema, "Kumbe mtoto yule bado anakumbuka mchele!" Shali anayo huko huko, anajifunika nayo usiku. Akasema, "Mwambie akimaliza nitampa aivae yeye." Uso wake umerudiwa na rangi. Anakula.

Wewe soma tu. Kila kitu kiko sawa.

Admassu


Bengaluru, 3 Aprili

Admassu,

Sitaanza na salamu.

Nakuandikia alichosema Etete Zenebech, neno kwa neno, kwa sababu wewe ulitii ukaacha kusikiliza. Mimi nilisikiliza katikati ya chumba cha kompyuta, vidude viko masikioni, kalamu iko mkononi, tayari kuandika mahali atakapokwama.

"Haya. Admassu kasema nisemeseme tu kila kinachonijia. Nasema. Hapa pameandikwa Tangaza msiba. Nimebonyeza. Herufi kubwa, nzuri, naona bila miwani. Mtoto ana akili huyu. Sasa hapa, Jina la marehemu. Ati niandike jina lolote! Lolote vipi? Nimwandike Yimam, kesho afe, mseme nani kamwita? Mtu hai siandiki mie, ng'o. Bora niandike aliyekwisha kwenda, haitamdhuru. As-na-kech. Samahani shoga yangu, wewe umeshafika, hutachukia. Nyumba ipi... ya Admassu. Siku... ilikuwa lini ile? Majuma mawili kabla ya Krismasi, tulipiga hema baridi inakata masikio. Masikini Asnakech. Na mtoto wake hajui mpaka leo, anachezea kompyuta huko. Oh, Mungu wangu." Hapo analia kidogo. Kisha anapenga kamasi na kusema, "Haya, nimebonyeza. Imekubali."

Imekubali, Admassu. Kila kitufe kilifanya kazi.

Sikupiga kelele. Ningemlilia nani pale? Nilimaliza kuandika, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea. Kwenye ripoti nimeweka: mtumiaji wa tatu alikataa kuandika jina la mtu aliye hai, akatumia la marehemu wa kweli; mtengenezaji hakuwa amelifikiria hili. Bi Shobha kapigia mstari, kaandika pembeni, "Ugunduzi mzuri sana." Nimepata alama ya juu kuliko darasa zima. Kamwambie mama. Wewe si ndiye unayempandia mlimani?

Halafu nikakuandikia kuhusu mchele na shali, nikakupa nafasi. Nilisema moyoni, ataona aibu, atasema. Wewe ukamtia marehemu maneno mdomoni. Ukamchekesha! Shali ile aliniazima mimi siku naondoka. Iko hapa kitandani.

Najua utasema desturi. Najua msiba hauandikwi kwenye barua, kwamba aliye mbali hupelekewa wazee alfajiri wakamwambie. Wahenga hao hao walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini mimi sikukuuliza kuhusu msiba. Oktoba nilikuuliza kuhusu mtu aliye hai. Likizo yangu ilianza mwanzoni mwa Desemba. Ningemkuta. Ningekaa naye siku kadhaa, hata kama ni za kumpangusa jasho tu. Ulikuwa na neno moja la kusema, ukaninyima.

Nakuuliza jambo moja nalo ulijibu bila methali. Je, mama aliniulizia?

Fikirte


Dessie, 12 Mei

Fikirte,

Nimeandika barua hii na kuifuta mara nyingi. Pasaka ilipita sikula. Etete Zenebech nilimwambia kilichotokea, akajipiga mdomo wake kwa kiganja, na tangu siku hiyo hashiki simu ya mtu.

Wazee watatu walikuwa tayari kwa ajili yako. Tulipanga wakupokee Addis mwezi Juni, wakulete nyumbani, ule, ulale. Alfajiri waingie na Etete, wakae kimya, na wewe uelewe kwa kuwatazama. Ungeanguka, watu wangekudaka. Huko uliko nani angekudaka? Hilo ndilo nililolifikiria, naapa. Niliona nikikuambia kwenye barua ni sawa na kukusukuma ukiwa peke yako.

Lakini umeuliza jambo moja.

Ndiyo, alikuulizia. Mara ya kwanza nilimwambia una mtihani. Hakusema umalize kwanza. Maneno yale yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyetaka mtu mmoja katika nyumba hii amalize kitu. Mimi niliacha chuo baba alipokufa, unalijua hilo, ingawa hatulisemi.

Akauliza tena, na tena. Daktari alikuwa ameshatuambia tumrudishe nyumbani. Muda ulikuwa bado upo, ungeweza kufika. Mimi nikahesabu kazi yako, nikahesabu shahada, nikamwambia, "Mama, Fikirte ameshapanda ndege." Akafurahi, Fikirte. Uso uling'aa. Akamwagiza Etete akuchomee mikate ya injera kwa sababu utafika na njaa. Akakataa lango kufungwa usiku, nasi tukaliacha wazi katika baridi ile, nami nikalala kizingitini na blanketi. Kila mbwa alipobweka alisema, "Mwangalieni, ni yeye."

Mlimani hakwenda kamwe. Alikufa nyumbani, anasikiliza lango.

Sasa nimekuambia yote. Nisamehe, au usinisamehe, lakini njoo.

Kaka yako, Admassu


Bengaluru, 1 Juni

Admassu,

Nimesoma.

Nimefaulu. Tovuti nimeikabidhi kwa mwenyekiti na nimemwandikia namna ya kuitumia. Mahali pa kujaribia nimeweka jina langu mimi, nikalifunga lisibadilishwe, ili mzee yeyote asihangaike kutafuta jina la mtu.

Nafika Dessie tarehe ishirini kwa basi la asubuhi. Usitume wazee Addis, wala usije kituoni. Nitashukia kwa Etete Zenebech, nimeshamwomba. Katika mtaa ule mzima yeye peke yake ndiye aliyeniambia ukweli, na hakujua kama ananiambia. Msiba wangu nitaukalia kwake, siku zote zinazotakiwa.

Wewe ukitaka kuja, njoo kama wageni wengine wa msiba wanavyokuja. Bisha hodi, ingia, ukae kwenye benchi, utaletewa kahawa. Sitakufukuza. Lakini usinieleze kitu chochote, kaka, kwa sababu hata ukiniambia kumekucha, nitainuka kwanza nikachungulie nje.

Fikirte